Joto la Oicha Huingia kwa Juu

Watu wanaoniita niwajengee hapa Oicha, katika teritwari ya Beni, mashariki mwa Kongo, karibu wote huanza na swali la ukuta. "Masoni, tuweke matofali ya udongo ama ya simenti? Mabichi ama ya kuchoma?" Naelewa kwa nini. Ukuta ndio jirani anaouona akipita, na ukuta ndio unaokula pesa. Mimi huwaomba kwanza watazame juu. Tuko chini ya nyuzi moja kaskazini ya ikweta. Jua letu halipiti pembeni mwa mbingu kama linavyopita Ulaya. Linapanda hadi utosini, na karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu na ya mwezi wa tisa, saa sita mchana, kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Mahali kama hapa, sehemu ya nyumba inayopigwa na jua kwa nguvu kuliko zote ni paa. Anayepanga matumizi ya nyumba isiyomchosha kwa joto aanze huko juu, kisha ndipo ashuke kwenye ukuta.

Mbingu ikiwa wazi, jua la adhuhuri hushusha nguvu ya kiasi cha wati 1,000 kwenye kila mita mraba. Hiyo ni pasi moja ya umeme inayowaka. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule ina paa la mita mraba 60 au 70, basi ni pasi sitini na zaidi zimepangwa juu ya mtoto aliyelala mchana, na kinachomtenga nazo ni bati lenye unene usiofika nusu milimita. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu ya mwanga huo angani. Likishapata kutu hunyonya karibu wote, na linaweza kupita nyuzi 60 za joto.

Joto hilo huteremka kwa njia mbili. Kwanza bati hupasha hewa iliyo chini yake, na hewa ya moto hubaki imeganda pale juu kwa sababu haina pa kutokea. Pili, na hili wengi hawalijui, bati lenyewe hutupa joto chini moja kwa moja mpaka kwenye ngozi, bila kungoja hewa ilibebe, namna ile ile mtu anavyolihisi jua usoni asubuhi ya baridi. Ndiyo maana ukikaa chini ya bati tupu saa nane mchana unasikia kichwa kinagonga hata kama mlango uko wazi na upepo unapita. Unaweza kufungua madirisha yote ya nyumba na bado utosi wako ukachomwa.

Sisemi manjanja, yaani mabati, ni mabaya. Nimeezeka nayo na nitaendelea kuezeka. Bati hutupatia maji safi ya mvua kwenye mapipa, na hapa mvua hunyesha karibu miezi yote. Mchwa hawaligusi. Halafu haliwaki, na hilo kwetu ni jambo zito. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika teritwari ya Beni, vijiji vingi vimechomwa moto, na nyumba ya nyasi huteketea kwa kiberiti kimoja. Tena bati ni akiba. Familia ikilazimika kukimbia, ukuta unabaki, lakini paa huweza kubanduliwa na kupakiwa kwenye pikipiki. Nimeona wazee wakichomoa misumari polepole, mmoja mmoja, ili matundu yasipanuke, maana bati hilo litapigiliwa tena huko waendako. Anayemwambia mtu aliyekimbia mauaji ya Eringeti arudi kwenye paa la majani kwa sababu lina ubaridi, huyo hajui analoliongea.

Wambuti, ambao baadhi yao ni majirani zetu hapa Oicha na Mbau, hufunika vibanda vyao kwa majani mapana ya mongongo, yakipandana ili mvua iteleze. Kazi hiyo ni ya wanawake, na wanaimaliza kwa saa chache. Kibanda kile hakina ukuta mzito wala dari, na hakihitaji, kwa sababu kinajengwa chini ya miti ya msitu, na jua linaishia huko juu kwenye matawi. Sisi wa mjini tulikata miti kwanza, tukasawazisha parseli ikawa uwanja mweupe, kisha tukaweka bati juani. Tuliondoa paa la kwanza bila kuweka jingine mahali pake.

Halafu kuna mambo tuliyoshuka nayo kutoka milimani. Mimi kazi ya umasoni nilifundishwa Butembo na mjomba wangu, na mafundi wengi wa hapa wametoka upande huo huo. Butembo iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Jioni kule watu huvaa makoti. Mjomba alijenga vyumba vifupi, madirisha madogo, milango inayofunga sawasawa, na alikuwa na haki, kwa sababu joto la makaa likipotea usiku wazee hukohoa hadi asubuhi. Oicha iko mita 1,000 na kidogo tu. Kila mita 100 unazoshuka, hewa huongeza zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo kati ya miji hii miwili kuna tofauti ya nyuzi nne au tano, na hapa unyevu wa msitu unafanya jasho lisikauke mwilini. Nyumba ya Butembo ikihamishiwa Oicha kama ilivyo, dari fupi na dirisha dogo vinageuka kuwa adhabu. Na bado naona mafundi wakipiga kamba kwa vipimo vile vile vya kule juu, kwa kuwa ndivyo mkono ulivyozoea.

Sasa nieleze tunachoweza kufanya juu ya kichwa chetu.

La kwanza ni dari. Watu wengi huiona dari kuwa pambo, kitu cha kumalizia pesa zikibaki, na zikikosekana huachwa. Mimi naihesabu pamoja na bati lenyewe, kama kitu kimoja. Dari hukata lile joto linalorushwa na bati, ili lisiufikie mwili. Triplex, yaani plaiwudi, inafaa lakini ni ghali, na mvua ikipenya kwenye tundu la msumari inavimba na kubanduka. Mkeka wa mianzi unafaa zaidi kwa mfuko wetu. Mwanzi ukatwe ukiwa umekomaa, wa miaka mitatu na kuendelea, kisha ulazwe kwenye maji wiki kadhaa ili wanga utoke, la sivyo wadudu watautoboa na unga wake utamwagika kwenye vitanda. Baada ya hapo unapasuliwa, unakaushwa kivulini, unasukwa. Nikiupigilia chini ya mbao, naupaka udongo mwembamba uliochanganywa na chokaa, na hapo unakuwa na uzito kidogo na sauti ya mvua inapungua. Asiye na mwanzi ashone mifuko ya unga iliyokwisha kutumika na kuinyoosha vizuri. Sifa yake si kubwa, lakini saa nane mchana tofauti inasikika kichwani.

La pili, hewa iliyo kati ya dari na bati lazima iwe na njia ya kutoka. Bila njia hiyo dari nayo hupashwa taratibu, na ikifika saa kumi inaanza kuturushia joto yenyewe. Kwa hiyo kwenye zile kuta za pembe tatu za pande mbili za paa naacha matundu, na chini ya ukingo wa bati naacha upenyo wa vidole vitatu au vinne. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda na kutoka yenyewe, na ya baridi huingia chini kujaza nafasi. Matundu yote yawekewe waya wenye macho madogo. Popo hupenda nafasi hiyo, na baada ya tulivyoteseka na Ebola kuanzia 2018 hadi 2020, hakuna mtu hapa anayetaka popo juu ya kitanda chake.

La tatu ni rangi. Paa lililopakwa rangi nyeupe linaweza kurudisha karibu robo tatu ya nguvu ya jua, na lile linalobaki hulitoa upesi kuliko bati tupu. Rangi nyekundu ya kukolea na kijani cheusi, ambazo ndizo zinazopendwa siku hizi, hunyonya sehemu kubwa ya jua hilo. Najua nyeupe huchafuka kwa vumbi la barabara. Mvua zetu huiosha.

Namna hii ya kufikiri, bati juu, nafasi ya upepo katikati, dari nzito chini, imefanywa maarufu duniani na mtoto wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, Francis Kéré. Shule ya msingi aliyoijengea kijiji chake ilikamilika 2001, ikapata tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na yeye mwenyewe mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa kuliko zote kwa wasanifu wa majengo. Aliweka dari ya matofali ya udongo yenye nafasi kati yake, kisha akainua paa la bati juu kabisa kwa nondo nyembamba zilizounganishwa na mafundi wa kijijini, mpaka upepo ukawa unapita kati ya bati na dari pande zote. Kuta ni za udongo uliokandamizwa na kuongezwa simenti kidogo. Burkina Faso ni kukavu kuliko kwetu, na hatuwezi kunakili kila kitu. Lakini lile paa lililoinuliwa naliona lingesimama vizuri Oicha, na vifaa vyake vyote vinapatikana Beni.

Baada ya paa, ukuta. Hapa najua nitabishana na wengi.

Mama mmoja mjane wa upande wa Tenambo aliniita nibomoe nyumba yake ya udongo nimjengee ya bloki za simenti. Nyumba ilikuwa imara, ukuta wa matofali mabichi yenye upana wa kiganja na nusu, bati tupu juu, madirisha madogo mawili. Nikamwuliza kinachomsumbua ni nini.

"Joto, masoni. Watoto hawawezi kusoma ndani. Na kaka yangu aliyeko Goma anasema nyumba ya udongo ni aibu."

"Mama, weka mkono hapa."

Ilikuwa saa tisa mchana. Akaweka kiganja ukutani, kwa ndani. Ukuta ulikuwa baridi. Kisha nikampandisha juu ya kiti, nikamwomba anyooshe mkono kuelekea bati bila kuligusa. Akaurudisha haraka.

Hakubomoa. Pesa alizokuwa ameziweka kwa ajili ya bloki zilitosha dari ya mianzi, matundu ya juu, madirisha mawili mengine, na mita moja ya bati kutokeza nje upande wa magharibi. Zikabaki za kupaka ukuta. Wanawe sasa hufanya kazi zao za shule mezani, ndani, baada ya chakula cha mchana.

Udongo hufanya kazi kwa kuchelewesha. Jua likiupiga upande wa nje, joto husafiri ndani ya ukuta polepole. Ukuta wa udongo wa sentimita 30 huchukua saa nane hadi kumi kabla joto la nje halijajitokeza ndani. Bloki ya simenti yenye matundu, ya sentimita 15, huchukua saa nne hivi. Sasa fanya hesabu na mimi. Ukuta wa magharibi hupigwa sana saa tisa na saa kumi mchana. Ukiwa wa bloki, joto hilo hufika ndani saa moja au saa mbili usiku, wakati ule ule mama anapolaza watoto. Ukiwa wa udongo mnene, hufika usiku wa manane, hewa ya nje imeshapoa vya kutosha, na kwa namna ya usiku wetu wenye ubaridi, wengine huwa tayari wamevuta blanketi. Watu wa pwani walilijua jambo hili tangu zamani. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mita tatu, na vichochoro vimebanana ili nyumba moja iitie nyingine kivuli.

Shida ya udongo ni maji, na dawa yake iko kwenye maumbile ya nyumba. Msingi wa mawe upande nusu mita kutoka ardhini, ili matone yanayoruka yasile ukuta. Bati litokeze nje sentimita 80 au zaidi. Na tafadhali, msiupake ukuta wa matofali mabichi plasta ya simenti. Simenti na udongo havitanuki sawa, plasta hupasuka, maji huingia kwenye ufa na kufungiwa humo, na baada ya misimu michache vipande vinaanguka vikiwa vimeshikana na udongo. Tumia udongo wenye mchanga na chokaa. Ukuta unapumua, na ukichakaa unapakwa tena na mtu yeyote mwenye mwiko.

Si kila udongo unafaa, ila kuupima hakuhitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza udongo hadi theluthi moja, usiwe ule wa juu wenye mizizi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, uache hadi kesho yake. Mchanga utatangulia chini, juu yake udongo laini, mwisho ule mfinyanzi unaokawia kutulia. Mfinyanzi ukizidi sana, tofali litapasuka likikauka, basi ongeza mchanga. Kuna na kipimo cha mkono: fanya kijiti kinene kama kidole kwa udongo wenye unyevu, kisukume taratibu kitoke nje ya kiganja, uone kitavunjika kikiwa na urefu gani. Kikivunjika kabla ya sentimita tano, udongo ni dhaifu. Kikipita kumi na tano bila kuvunjika, mfinyanzi umezidi.

Tofali la kuchoma ni zuri, halina ubishi, na maji hayaliogopeshi. Naliogopa kwa sababu ya tanuru. Kulichoma vizuri kunahitaji moto wa nyuzi 900 hivi, siku na usiku, na moto huo ni magogo. Magogo yanatoka mashambani ama msituni, na kila mtu hapa anajua hatari ya kwenda kuyakata. Upande wa Virunga, hifadhi iliyoanzishwa 1925, mahitaji ya kuni na makaa yamekula pembe za mbuga miaka mingi, hata mradi wa EcoMakala wa WWF ukaanza 2007 kuwasaidia wakulima wapande miti yao wenyewe ya kuchoma. Simenti nayo ina moto wake, ila hauonekani Oicha: hupikwa kwa nyuzi 1,450 hivi, na ile tunayoinunua mara nyingi imetoka Hima, karibu na Kasese, ikavuka mpaka Mpondwe na Kasindi, ikapakiwa lori hadi Beni na kwetu. Viwanda vya simenti vya dunia nzima hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za watu. Tukizungumza habari ya nyumba inayookoa nguvu, hapa Oicha ambako nyumba nyingi huwasha taa kwa paneli ndogo ya sola na hakuna anayewaza mashine ya kupoza hewa, nguvu yenyewe imefichwa humo: kwenye kuni za tanuru na mazuti ya lori.

Katikati ya mabichi na ya kuchoma kuna njia nyingine: tofali la udongo linalokandamizwa kwa mashine ya mkono, likiwa na simenti kidogo ndani. Mashine ya kwanza iliyoenea, CINVA-Ram, ilibuniwa Kolombia miaka ya 1950 na Raúl Ramírez, injinia wa Chile. Jirani zetu Waganda wameiendeleza fikra hiyo sana, na pale Makerere Dakta Moses Musaazi alibuni matofali yanayoshikana bila mchanganyiko mwingi wa kuunganishia, hata ya kujengea matangi ya maji. Mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50 hutoa takriban matofali 100, kutegemea udongo. Hayachomwi. Hufunikwa kivulini na kunyunyiziwa maji wiki mbili au zaidi, na hapo ndipo vijana wengi hushindwa uvumilivu na kuyaharibu. Kikundi cha majirani kikinunua mashine moja, kinaweza kujengeana kwa zamu kama salongo, ile kazi ya pamoja ya jumuiya.

Nihamie kwenye hewa na usiku, kwa sababu hapa ushauri wa vitabu unatuacha. Vitabu husema fungua madirisha usiku, ukuta upoe, asubuhi funga. Nani Oicha analala dirisha wazi? Jua likizama watu wanafunga kila kitu na kusikiliza. Joto la mchana linabaki limefungiwa ndani pamoja nasi. Kwa hiyo mimi naweka klostra, yale matofali ya simenti yenye matundu, safu moja au mbili juu kabisa ya ukuta, chini ya dari, na safu nyingine fupi karibu na sakafu upande wa pili wa chumba. Tundu lisipite upana wa ngumi, na nyuma yake kuna wavu wa mbu. Mlango umekomewa, dirisha limefungwa, na bado hewa inaingia chini na kutoka juu usiku kucha. Kalibu ya klostra seremala yeyote anaweza kuitengeneza kwa mbao, na simenti inayohitajika ni kidogo. Hili ndilo jambo ningeomba kila fundi wa teritwari hii alifanye hata asipofanya jingine lolote.

Kisha kuna barabara yetu. RN4 hutoka Beni upande wa kusini na kwenda kaskazini, Oicha, Eringeti, Komanda. Parseli zimekatwa kuifuata, na kila mtu anataka sebule iitazame barabara. Matokeo yake safu nzima za nyumba zimeelekeza kuta zao ndefu mashariki na magharibi, jua la asubuhi na la jioni likiingia kwa ubavu, chini kuliko bati linavyoweza kukinga. Kama kiwanja kina nafasi, geuza nyumba: pande fupi ndizo zitazame macheo na machweo, na madirisha yawe kaskazini na kusini. Kama hakina, weka baraza pana upande wa barabara, na jikoni au ghala upande mwingine unaoungua, vyumba vya kulala mbali na magharibi. Panda mti. Mwembe au mwavokado uliopandwa mita tano au sita kutoka ukutani, upande wa machweo, huwa na kivuli cha maana baada ya miaka michache. Asiyeweza kungoja apandishe marakuja kwenye nyavu za fito mbele ya dirisha. Mwaka haujaisha kivuli kipo, na matunda pia.

Naandika haya sasa kwa sababu ya kakao. Bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, sehemu fulani ya pesa hizo ilifika mpaka kwa wakulima wa Mbau, Oicha na Mangina, na wengi waliamua kujenga. Mji huu, uliojulikana kwanza kwa hospitali ya misioni aliyoifanyia kazi daktari Mmarekani Carl Becker tangu miaka ya 1930, umejaa watu waliokimbia vijiji, na nyumba mpya zinachipuka kila kartie. Vijana wananiletea picha kwenye simu, nyumba za Kampala: vioo vikubwa visivyofunguka, paa limefichwa nyuma ya ukuta, hakuna ukingo wa kukinga dirisha. Kioo huingiza jua na kulifungia ndani. Kampala mwenye nyumba hiyo ana umeme wa kuendesha feni. Mkulima wa kakao wa Oicha atakaa humo na kuhamia chini ya mwembe wa jirani kila adhuhuri, baada ya kumaliza mavuno ya miaka mitatu kwa simenti. Inaniuma kuona jasho la mtu, tena jasho la shamba ambalo kulifikia ni kuhatarisha roho, likigeuka chumba asimoweza kuketi.

Na shule. Darasa la watoto hamsini na zaidi chini ya bati tupu ni gumu kuelezea kwa mtu asiyeingia humo mchana. Mvua ikianza, mwalimu hunyamaza, sauti yake haisikiki hata mstari wa pili, na kipindi kimekwisha. Jua likirudi, watoto wanasinzia. Dari moja ingetibu yote mawili. Nimekuwa nikizungumza na kamati ya wazazi ya shule moja kuhusu madarasa wanayotaka kuongeza. Nimewaomba ukuta wa tofali la kukandamizwa hadi mita tatu, klostra pande zote mbili, bati lipakwe nyeupe, na dari ya mianzi iwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, ihesabiwe kabla ya rangi ya ukuta na kabla ya lango. Mzee mmoja alisema tuanze na lango kwa kuwa ndilo wageni wanaloliona. Mama mmoja ambaye binti yake anasoma hapo akamjibu kwamba wageni hukaa dakika kumi, na binti yake hukaa pale hadi saa saba. Dari imepitishwa kwa madarasa mawili ya kwanza, na mianzi imeshalazwa majini.